Maneno Yaliyolinda Mlango wa Chuo

Mtu hujifunza neno kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndefu: hulikuta katika vitabu na mazungumzo, akalizoea kama azoeavyo sura ya jirani. Ya pili ni fupi: huliandika katika orodha, akalikariri usiku, akalitumia asubuhi katika chumba cha mtihani. Historia ya mtihani wa SAT, unaofanywa na vijana wa Marekani waombao kuingia vyuo vikuu, ni historia ya ugomvi wa njia hizo mbili.

Mtihani huo ulifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926, na watahiniwa walikuwa wapata 8,000. Maswali yalikuwa 315, na muda dakika 97 tu. Mtunzi wake mkuu alikuwa Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton, mwanachuoni wa elimu ya nafsi. Watahiniwa waliulizwa maana za maneno, vinyume vyake, na ulinganifu wa jozi za maneno, kwani ilidhaniwa kuwa wingi wa maneno ni dalili ya akili ya kuzaliwa. Mwaka wa 1923 Brigham alikuwa ameandika kwamba mataifa hayalingani kwa akili. Mwaka wa 1930 aliikana hoja hiyo, akasema kuwa kipimo kilichoandikwa kwa lugha fulani hakifai ila kwa watu waliopata nafasi sawa ya kuijua lugha hiyo. Onyo lilikuwa la haki, lakini mtihani uliendelea kuenea.

Wenye mtihani walishikilia kwamba haufundishiki. Stanley Kaplan, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi, hakuliamini neno hilo. Alikuwa amekwisha kuanza kufundisha nyumbani kwao Brooklyn mwaka wa 1938, na mwaka wa 1946 akaanza kuwaandaa vijana kwa SAT. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakikusemwa Kiingereza cha vitabuni, orodha ya maneno ilikuwa ngazi. Mwaka wa 1979 uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kuwa mafunzo ya namna hiyo yaweza kuongeza alama.

Lakini ngazi ya mnyonge haikukawia kununuliwa na tajiri. Mafunzo yakawa biashara kubwa, na mwenye fedha nyingi akapata mwalimu wake peke yake. Hata maswali yenyewe yalielemea upande mmoja: lililolaumiwa sana lilitaka mtahiniwa ajue kwamba mkimbiaji na mbio ndefu ni sawa na mpiga makasia na mashindano ya mashua, mchezo wa shule za wenye mali. Mwaka wa 2001 Richard Atkinson, rais wa Chuo Kikuu cha California, alieleza jinsi alivyowaona watoto wa miaka 12 wakifanyizwa mazoezi ya ulinganifu wa maneno. Akapendekeza chuo chake kiache kuudai mtihani huo.

Vinyume vilikuwa vimeondolewa mwaka wa 1994. Ulinganifu ukafuata mwaka wa 2005, na kujaza nafasi katika sentensi mwaka wa 2016. Tangu hapo neno huulizwa ndani ya habari lilimotumika.

Aliyekariri orodha hakutenda kosa. Alitafuta kwa miezi michache kile ambacho wengine walikipata mezani kwa wazazi wao. Kosa lilikuwa kuuita urithi wa nyumba akili ya kuzaliwa, na sharti alilolitaja Brigham mwaka wa 1930 bado halijatimizwa.