Bastola Nyepesi na Teke Lake

Leo twasoma habari za bastola ndogo za Marekani. Mwaka 1857 kiwanda cha Smith & Wesson kilitoa bastola ya risasi 7. Risasi zilikuwa nyembamba, baruti kidogo, haikuusumbua mkono. Mwaka 1950 kikatoa nyingine ya risasi 5, nene na zenye nguvu zaidi. Mwaka 1952 kiunzi chake kikaundwa kwa alumini, ipate kuchukulika kwa urahisi.

Je, teke lake lilipungua? La! Risasi ikienda mbele, bastola hurudi nyuma. Iliyo nyepesi hurudi kwa kasi zaidi. Mkono ukishtuka, shabaha hupotea, na risasi yaweza kumpata asiye na hatia. Ndiyo maana wengi wenye bastola nyepesi walichagua risasi isiyo kali.

Swali la leo: wepesi wa mfukoni hulipwa wapi?