Mionzi Ayonisha

Mionzi ayonisha ni ile yenye nguvu ya kutosha kung'oa elektroni kwenye atomu na kuiacha atomu hiyo ikiwa ayoni. Istilahi imetokana na kitenzi kuayonisha, yaani kufanya kuwa ayoni. Sehemu ya pili haifai kuachwa, ingawa magazeti huiacha kila siku, kwani neno mionzi peke yake hukusanya mwanga wa jua, mawimbi ya simu, eksirei na gama inayotoka kwenye urani.

Mawimbi ya simu, ya redio na ya maikrowevu hayaayonishi. Athari yake iliyothibitika ni kupasha joto. Urujuanimno wa jua uko mpakani: sehemu kubwa hauayonishi, lakini huharibu DNA ya seli za ngozi. Ndiyo sababu watu wenye ualbino, ambao melanini yao ni haba, hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana.

Kiasi cha mionzi ayonisha kinachoathiri mwili hupimwa kwa sivati, kutokana na jina la mwanafizikia wa Sweden, Rolf Sievert. Katika shughuli za kila siku hutajwa milisivati, sehemu ya elfu ya sivati. Mionzi ya asili humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, sehemu kubwa ikitokana na gesi ya radoni inayopenya kutoka ardhini. Kwenye kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale, mionzi ya ardhi ni mikali kuliko kawaida kwa sababu ya thoriamu iliyomo. Picha moja ya eksirei ya kifua ni milisivati 0.1 au pungufu. Skani ya CT ya tumbo hukaribia 10.

Madhara ni ya namna mbili. Kuanzia takriban milisivati 1,000 kwa mkupuo, mtu huanza kutapika na chembe zake za damu hupungua. Zikifika 4,000 hadi 5,000 bila matibabu, nusu ya walioathirika hufa. Kiasi kidogo hakiumizi wala hakionekani, ila huongeza uwezekano wa saratani miaka mingi baadaye.

Hisia za mwili hazisaidii kitu hapa. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, mchomeleaji aliokota kipande cha chuma na kukitia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kilikuwa chanzo cha iridiamu-192 cha kukagulia mabomba. Alikaa nacho kwa saa kadhaa. Maumivu ya paja yalikuja baadaye, na hatimaye mguu ukakatwa.

Kwa wafanyakazi, kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, bila kuvuka 50 mwaka wowote. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1, bila kuhesabu mionzi ya asili na ya matibabu. Mpiga picha za eksirei huvaa kipima mionzi kifuani, kisha kipima hicho hupelekwa kusomwa kila baada ya muda. Kilichosahaulika kwenye droo husoma mionzi ya droo. Kinga yenyewe ni kupunguza muda, kukaa nyuma ya kizuizi cha madini ya risasi na kujitenga: umbali ukiongezwa mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Mwenye ujauzito, au anayeshuku kuwa nao, amjulishe mpiga picha kabla ya kuingia chumbani.