Upasuaji wa kupunguza uzito na afya ya moyo: funzo kutoka Uswidi

Madhara ya unene wa kupindukia hayaishii kwenye kuulemea mwili kwa uzito. Mafuta yanayorundikana kuzunguka viungo vya ndani ya tumbo hutoa kemikali zinazoudhuru utando laini wa ndani ya mishipa ya damu. Mishipa hukakamaa, shinikizo la damu hupanda, lehemu huganda kwenye kuta zake, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Matokeo yake huweza kuwa mshtuko wa moyo au kiharusi.

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanywa kwa njia mbili kuu. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo huondolewa. Katika ya pili, kifuko kidogo hutengenezwa sehemu ya juu ya tumbo na kuunganishwa na utumbo mwembamba. Mgonjwa hushiba kwa chakula kichache, na homoni za utumbo hubadilika, hata sukari ya damu huweza kushuka kabla uzito haujapungua sana.

Je, moyo nao hunufaika? Jibu mojawapo lilitoka Uswidi, katika utafiti ulioanza mwaka 1987 chini ya Profesa Lars Sjöström. Watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji walilinganishwa na wengine 2,037 wenye unene unaokaribiana na wao, waliopata matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa waliofariki kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu walikuwa 28 katika kundi la upasuaji na 49 katika kundi la pili.

La kuzingatia zaidi ni kwamba kiasi cha unene kabla ya upasuaji hakikuonyesha nani angenufaika zaidi. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na kiwango kikubwa cha insulini katika damu, dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia ipasavyo. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi kuamua nani apasuliwe.

Hata hivyo, matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Washiriki hawakugawanywa kwa kura, na wengi walipasuliwa kwa njia ambayo leo haitumiki sana. Tena upasuaji una hatari zake: katika utafiti huo, watu 5 walifariki ndani ya siku 90 baada ya kupasuliwa.

Aliyepasuliwa huhitaji kufuatiliwa maishani, kwa kuwa mwili huweza kupungukiwa na madini ya chuma, kalisi na vitamini B12, na uzito huweza kurudi. Dawa za shinikizo la damu au kisukari zisipunguzwe wala kuachwa bila ushauri wa daktari, hata mgonjwa anapojiona amepona.