Michael Thorner na Kichocheo cha Homoni ya Ukuaji
Michael Thorner, daktari Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza homoni ya ukuaji, alianza na homoni nyingine kabisa. Katika miaka ya 1970, kwenye hospitali ya St Bartholomew's jijini London, alikuwa miongoni mwa madaktari waliotumia dawa ya bromokriptini kuwatibu wagonjwa waliozidiwa na prolaktini, homoni ya maziwa. Mwaka 1977 akahamia Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani.

Wakati huo ilijulikana kwamba tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo, hutoa homoni ya ukuaji kwa amri ya haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Kizuizi chake, somatostatini, kilikwisha kupatikana mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin, Taasisi ya Salk, California. Kichocheo ndicho kilichowatesa watafiti, kwani ubongo huwa nacho kidogo mno.

Jibu lilitoka wodini. Mgonjwa mmoja wa Thorner alikuwa na akromegali, maradhi ya homoni ya ukuaji kuzidi, yanayonenepesha vidole, nyayo na taya za mtu mzima. Chanzo huwa karibu kila mara ni uvimbe wa pituitari, kwa hiyo alipasuliwa. Chini ya hadubini, hata hivyo, uvimbe haukuonekana: seli za tezi zilikuwa zimezaliana tu, dalili kwamba zinachochewa kutoka kwingine. Daktari asiye mdadisi angeishia hapo. Msako uliofuata ulifika kwenye kongosho. Uvimbe uliokuwamo ukaondolewa, na homoni ya ukuaji ikashuka. Tishu yake ilichambuliwa na kikundi cha Wylie Vale, pia wa Salk, na mwaka 1982 kichocheo kikatambuliwa: mnyororo wa asidi amino 40. Guillemin, aliyetumia uvimbe wa mgonjwa wa Ufaransa, alipata mnyororo wa 44 mwaka huohuo.

Kisha kikundi cha Thorner huko Virginia kilihamia kwenye mdundo wa homoni ya ukuaji, inayotoka kwa mikupuo. Mwaka 1988 kilionesha kwamba mtu akifunga kula kwa siku 5, mikupuo huongezeka na kukua.

Swali la uzee, ambapo homoni hiyo hupungua, lilikuja mwisho. Watu wazima 65 wenye umri wa miaka 60 hadi 81 walishiriki katika jaribio la miaka 2 la kidonge kinachoiga grelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, ambayo pia huchochea homoni ya ukuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Homoni ya ukuaji ilirudi kwenye kiwango cha ujana na nyama ya mwili ikaongezeka, lakini nguvu hazikuongezeka, na sukari ya damu ilipanda kidogo.