Wanafunzi wa Paris na Somo la Uchumi



Mwezi Juni mwaka 2000, wanafunzi wa uchumi wa jijini Paris, wengine wao wakitoka École Normale Supérieure, chuo kinachohesabiwa miongoni mwa vile teule kabisa nchini Ufaransa, waliandika waraka wa wazi kwa maprofesa wao na kuusambaza kwa njia ya intaneti. Hawakulalamikia ada, wala chakula, wala mabweni. Walilalamikia somo lenyewe. Walikuwa wamechagua kusomea uchumi, walisema, ili wapate kuyaelewa mambo yanayomkabili raia wa leo, nao wakajikuta wakifundishwa habari za dunia ya kufikirika tu.

Malalamiko yao yalikuwa matatu, nayo yameshikamana. Mafundisho yamejitenga na maisha halisi: historia, taasisi na mienendo ya watu hai havina nafasi. Hisabati, ambayo ni chombo, imegeuzwa kuwa lengo, hata anayeweza kukokotoa milinganyo anahesabiwa kuwa ameelewa uchumi. Tena, mkondo mmoja wa fikra, ule uitwao wa nioklasiki, unafundishwa kana kwamba ndiyo kweli yote, na mingine haitajwi. Uchumi wa namna hiyo wakauita wenye usonji. Neno hilo halikuwa jema, maana liliwatwika watu wenye usonji aibu isiyo yao, na jarida lililozaliwa kutokana na harakati hizo lililiacha baadaye katika jina lake.

Gazeti la Le Monde liliandika habari hizo mwezi huo huo, na baadhi ya walimu wakawaunga mkono wanafunzi. Jack Lang, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akamteua mwanauchumi Jean-Paul Fitoussi kuchunguza jambo hilo. Taarifa yake ya mwaka 2001 ilikiri kwamba mijadala ya wanauchumi yapasa kuingia darasani. Walikuwapo pia waliopinga. Robert Solow, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1987, alijibu katika gazeti hilo hilo mapema mwaka 2001 akiitetea taaluma yake. Hoja ya watetezi hao haikuwa dhaifu: pasipo hesabu, mtu aweza kusema lolote juu ya bei na mishahara, na hakuna atakayemkosoa. Lakini wanafunzi hawakuikataa hisabati. Walikataa itumike bila kuulizwa inatumika kwa ajili gani.

Hapa sina budi kukumbuka masomo yangu. Sisi tuliosomea falsafa seminarini tulilazimika kumsoma hata Marx, hata Nietzsche, na mapadre waliotufundisha hawakuogopa kwamba imani ingebomoka. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye katika karne ya 13 alifundisha katika jiji lile lile la Paris, huanza kila swali kwa kuzipanga hoja za wanaompinga, tena kwa haki, ndipo atoe jibu lake. Nilipomwuliza kijana mmoja aliyehitimu shahada ya uchumi ni wanauchumi gani aliowasoma, alinyamaza kidogo, kisha akanitajia jina la mwandishi wa kitabu cha kiada.

Pengine mtauliza mambo ya Paris yatuhusu nini. Mwaka 1986 Tanzania ilifanya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Yaliyofuata wazee wetu wanayakumbuka: shilingi ilishushwa thamani, watumishi wa umma wakapunguzwa, wazazi wakatakiwa kuchangia gharama shuleni na hospitalini. Ada za shule za msingi zilikuja kufutwa mwaka 2001. Sisemi kwamba kitabu cha darasani ndicho kilichotuletea hayo. Hazina yetu ilikuwa imekauka kabla ya hapo, na kwa sababu nyingi. Lakini washauri waliokuja na masharti yale walikuwa, kwa sehemu kubwa, wamelelewa katika mkondo huo mmoja, na asiyefundishwa kwamba ipo njia nyingine hawezi kuipima.

Waraka wa Paris ulivuka mipaka. Mwezi Juni 2001, wanafunzi 27 wa shahada ya uzamivu huko Cambridge walitoa wa kwao, na mwanzoni walificha majina, wakihofia ajira zao za baadaye. Hofu hiyo inasema mengi kuliko waraka wenyewe.

Kisha mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yakatikisika. Mwezi Novemba mwaka huo Malkia Elizabeth II alitembelea London School of Economics na kuuliza kwa nini hakuna aliyeliona jambo kubwa kiasi hicho likija. Huko Manchester wanafunzi waliona ajabu kwamba mihadhara yao iliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakaunda chama, wakadai kozi juu ya migogoro ya fedha, na mwaka 2014 wakatoa taarifa ndefu iliyopewa dibaji na Andrew Haldane, mmoja wa wakurugenzi wa Benki Kuu ya Uingereza. Mwaka huo huo chuo kiliiondoa kozi ya hiari waliyokuwa wakiipigania. Mwezi Mei, vyama vya wanafunzi kutoka nchi 19 vikatoa waraka wa pamoja.

Baadhi ya maprofesa walisikia. Wendy Carlin na Samuel Bowles, pamoja na wenzao, waliandaa kitabu kipya cha kuanzia, kinachopatikana bure mtandaoni, nacho kinaanza na historia, tofauti za kipato na mazingira. Wahitimu watatu wa Manchester walikipima katika kitabu chao cha mwaka 2016. Walikisifu kwa kuigusa dunia halisi, kisha wakaandika kwamba sauti inayosikika ndani yake bado ni ya mkondo ule ule.