Meno ya Plastiki: Historia ya Kupasua Fizi za Watoto Wachanga

Meno ya plastiki, au meno ya nailoni, ndivyo Watanzania wengi walivyoviita vichipukizi vya meno ya chonge, ambavyo huwa vyeupe na laini vikiwa bado ndani ya ufizi wa mtoto mchanga. Nchini Uganda vilijulikana kama ebinyo. Vilidhaniwa kuleta homa, kutapika na kuhara, na tiba yake ikawa kupasua ufizi na kuving'oa. Desturi hii imeshuhudiwa pia Kenya, Rwanda, Sudan, Ethiopia, Somalia na mashariki mwa Kongo.

Kung'oa meno yaliyokwisha kuota ni jambo la zamani zaidi. Wamaasai, Waluo na Wadinka waliondoa meno ya mbele ya taya la chini, ama kwa kuwa ndiyo alama ya jamii yao, ama ili mgonjwa wa pepopunda aweze kunyweshwa wakati taya limekaza. Kupasua ufizi wa mtoto asiye na meno kulikuwa na shabaha nyingine: kumponya. Mwaka 1969 Jens Pindborg, mtaalamu wa Denmark wa magonjwa ya kinywa, aliandika kuhusu desturi hii kati ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Nchini Tanzania habari zake zilisikika sana kuanzia miaka ya 1980.

Kazi hiyo ilifanywa na waganga wa jadi au wanawake wazee, bila ganzi. Walitumia spoki ya baiskeli iliyonolewa, wembe, kisu au sindano. Wengine hawakupasua, bali walisugua ufizi kwa dawa za miti shamba. Mara nyingi yaliyolengwa ni machonge ya chini.

Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na umri wa watoto. Kuanzia miezi minne hivi mtoto hutia kila kitu mdomoni, huanza kulishwa uji na maji yasiyo safi, na kinga aliyopata kwa mama hupungua. Kuhara huja wakati uleule ufizi unapovimba mahali pa chonge. Kwa kuwa kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, sifa zilimwendea mganga.

Madhara yalikuwa makubwa. Watoto walivuja damu nyingi, wakapata pepopunda, au vijidudu vikaenea katika damu. Katika Hospitali ya Lacor, Gulu, nchini Uganda, madaktari waliochunguza kumbukumbu za miaka ya 1990 walikuta ebinyo miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wachanga waliolazwa. Kwa walionusurika, chombo kilifika hadi kwenye chembechembe za jino la kudumu lililo chini yake. Chonge likaota limepinda, lina gamba bovu, au halikuota kabisa. Madaktari wa meno wa Uingereza na Israel waliziona kasoro hizo kwa watoto wa familia zilizohama kutoka Somalia na Ethiopia.

Tiba inayofaa ni ile ya kuhara kwenyewe: maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, kuendelea kunyonyesha, na kumpeleka mtoto kituo cha afya. Ufizi uliovimba kwa sababu ya jino linaloota hauhitaji kupasuliwa. Chonge hutoka lenyewe, kwa kawaida kati ya miezi 16 na 23.