Jabari, si Shujaa Mkuu

Kila ninapoliona neno "shujaa mkuu" kwenye maandishi ya tafsiri chini ya picha za tamthilia, naona kazi iliyofanywa haraka na watu wasiowasikiliza watazamaji. Neno la Kiingereza superhero lilifika mezani, likakatwa mapande mawili. Super ikaitwa "mkuu", hero ikaitwa "shujaa", vikaungwa, kikao kikafungwa. Tangu hapo neno linanakiliwa kutoka orodha moja kwenda nyingine, na kila anayelinakili anamtegemea aliyemtangulia kwamba alifikiri. Niliwahi kuwaandikia wahusika barua ndefu nikionyesha kasoro zake na kupendekeza neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani. Sikujibiwa. Basi hoja ile naiweka hapa hadharani: neno sahihi ni jabari.

Nianze na "mkuu". Katika Kiswahili cha leo, na hasa hapa Tanzania, ukuu ni cheo. Kuna Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, mkuu wa shule, mkuu wa kituo. Penye mkuu pana walio chini yake, na pana aliyemteua. "Shujaa mkuu" kwa hiyo ni kiongozi wa mashujaa, mwenye mashujaa wadogo wanaompa taarifa. Barry Allen wa tamthilia ya The Flash hana wadhifa wa namna hiyo. Alipigwa na radi usiku ule mtambo wa maabara ulipolipuka, akaamka baada ya miezi 9 akiwa na mbio zinazozidi sauti. Hakuna aliyemteua.

Asili ya super ni Kilatini, na maana yake ni juu ya, kupita, kuvuka. Haipangi watu kwa vyeo, inataja mpaka uliovukwa, yaani mpaka wa uwezo wa binadamu. Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche alizungumzia Übermensch, mtu aliyeuvuka utu wa kawaida. Bernard Shaw akalitia wazo hilo katika Kiingereza cha jukwaani kwa tamthilia yake Man and Superman ya mwaka 1903. Mwaka 1933 kijana wa Cleveland, Jerry Siegel, akachapisha kwa mkono wake hadithi fupi yenye Superman ndani yake, na waliokaa kikao kile cha tafsiri wangeisoma kabla ya kupiga mhuri, kwa maana Superman yule wa kwanza alikuwa mwovu. Alipata uwezo wa kuingia katika akili za watu, akautumia kutaka kuitawala dunia. Mwaka 1938 ndipo Siegel na mchoraji Joe Shuster walipomleta Superman mwingine, huyu tunayemjua, mtetezi wa wanyonge. Jina lilikuwa lilelile na nguvu zilikuwa nguvu, ila moyo uligeuzwa. Super, basi, haikubeba wema tangu mwanzo. Ilibeba nguvu.

Sasa "shujaa". Hili ni neno zuri mno, na ndiyo sababu linaniuma kuliona linatumika ovyo. Limetoka Kiarabu, na kiini chake ni uthabiti wa moyo mbele ya hatari. Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, Kenya huadhimisha ya kwao tarehe 20 Oktoba, na wanaokumbukwa siku hizo ni watu wenye ngozi kama zetu, wanaokufa kwa risasi moja. Ushujaa wao unatokana na hilo. Mtu ambaye risasi haimpenyi akisimama mbele ya bunduki hajaonyesha ushujaa bado, ameonyesha ngozi. Tena ushujaa ni ushahidi unaotolewa baada ya tendo. Hakuna anayezaliwa shujaa wala anayekuwa shujaa kwa kupigwa na radi. Ukimwita mtu shujaa katika sehemu ya kwanza ya tamthilia umeshatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Na kesi hiyo husikilizwa. Mazinde, pale barabara ya kwenda Moshi inapopita kati ya kuta za milima ya Usambara na mashamba ya mkonge, nimewasikia vijana wakibishana nje ya banda la video mpaka giza likaingia. Walikuwa wamefika msimu wa tatu wa The Flash, Caitlin Snow, daktari mpole, anapoanza kugeuka kuwa Killer Frost, mwenye kugandisha watu kwa barafu.

"Kaka, huyu ndiyo basi tena," akasema mmoja, mdogo wao. "Ameshakuwa adui. Sizoni ijayo Flashi anammaliza."

"Dogo, tulia," akajibu mkubwa wake, mwenye mfuko wa kondakta wa daladala kiunoni. "Huyo ana nguvu tu. Roho yake bado haijaamua."

Hakuna mwanaistilahi aliyewahi kulieleza jambo hili vizuri kuliko kondakta yule. Ana nguvu tu, roho yake bado haijaamua. Neno tunalolitafuta lazima liweze kumbeba mtu aliye katika hali hiyo hasa, mtu ambaye nguvu zake zinajulikana na mwisho wake haujulikani. Ubishi wote wa watazamaji wa tamthilia hizi umekaa hapo. Sehemu ya kwanza kabisa ya The Flash, iliyorushwa Oktoba 2014, ilimalizika kwa gazeti la wakati ujao, la tarehe 25 Aprili 2024, likitangaza kwamba Flash ametoweka. Kwa miaka mitano watu wakabishana kama atakufa, atarudi, au gazeti litabadilika. Mwishoni mwa msimu wa tano tarehe ikasogezwa hadi 10 Desemba 2019, na siku zilipofika aliyejitoa mhanga akawa Flash mwingine, wa dunia nyingine, aliyeigizwa na John Wesley Shipp, yuleyule aliyemwigiza Flash katika tamthilia ya mwaka 1990. Watazamaji wa namna hii wanahitaji neno lililo wazi upande wa mbele.

Wapo wanaoniambia kwamba vijana tayari wana neno lao, "stelingi". Nalijua na ninaliheshimu. Limetoka kwenye neno la Kiingereza starring lililoandikwa juu ya majina ya waigizaji, likakaa katika mabanda yetu ya video likapata kanuni yake, kwamba stelingi hafi. Lakini stelingi ni nafasi ya mtu katika hadithi, si hali yake ya kimwili. Polisi wa filamu ya Kihindi ni stelingi bila kuruka hewani hata mara moja. Na Reverse-Flash, adui mkubwa wa Barry, ana mbio zilezile wala hawezi kuwa stelingi. Hata ile kanuni haikusalimika, maana Oliver Queen wa tamthilia ya Arrow, stelingi kwa misimu minane, alikufa kabla tamthilia yake haijamalizika Januari 2020. Stelingi libaki kwenye kazi yake. Kazi hii ni ya neno lingine.

Jabari linatoka katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, j, b na r, na mzizi huo una utajiri unaostahili kuelezwa kwa utulivu. Maana yake moja ni kulazimisha, kushinda kwa nguvu isiyopingika. Maana yake nyingine ni kuunga mfupa uliovunjika, na fundi wa kuunga mifupa kwa Kiarabu huitwa mujabbir, kutoka mzizi huohuo. Katika karne ya 9, kule Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu ambamo al-jabr ni kukirudisha mahali pake kilichoondolewa, na kutoka hapo dunia nzima ikapata neno aljebra. Waarabu walipotazama angani na kuliona lile kundi la nyota lenye umbo la mtu mkubwa aliyefunga mkanda, wakaliita al-Jabbar. Kwa hiyo katika neno moja tuna nguvu inayoshurutisha, nguvu inayounga kilichovunjika, na umbo la mtu aliyewazidi watu. Kiswahili kililipokea likawa jina la mwenye nguvu asiyeogopa, na pia la mtawala asiyezuilika, anayeweza kuwa mkali kwa watu wake. Neno halimwulizi mtu nguvu kazipata wapi, kwa kuzaliwa, kwa radi au kwa mazoezi ya upinde kama Oliver Queen. Wala halimwambii atazifanyia nini.

Wanaodai kwamba dhana hii ni ngeni na hivyo inastahili neno la kubandika hawajasoma cha kwao. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wake mwaka 1913, alikuwa na mwili usiodhurika kwa silaha isipokuwa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwanawe ndiye aliyehadaiwa kuichoma. Hata baada ya kufa, Liyongo alibaki amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wakaogopa kusogea kuchota maji. Mwili usiopenyeka, mahali pamoja pa udhaifu, na msaliti wa nyumbani vilikuwapo kwetu kabla Superman hajachorwa.

Na hapa Usambara? Mbegha, tunavyosoma katika Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alizaliwa Ngulu akiwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kigego alihesabiwa kuwa ni hatari kwa jamaa zake, na Mbegha alifukuzwa kwao. Akawa mwindaji, akapanda milima hii, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Washambaa, akawagawia watu nyama, akaua simba, akatawazwa Vugha kwa jina la Simba Mwene. Nguvu zilezile walizoziogopa jamaa zake ndizo zilizomfanya mfalme kwa watu wengine. Washambaa wakaendelea kulifikiria jambo hili kwa undani kuliko mwandishi yeyote wa Hollywood. Walisema mtawala mwenye nguvu za mvua anaweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kwa nguvu hizohizo anaweza kubana shi, kuiharibu. Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, alijenga makao yake hapahapa Mazinde, kwenye njia ya misafara, akajipatia bunduki na akawapindua waliokuwa wakitawala Vugha. Watu wa bonde hili hawahitaji kufundishwa kwamba kuwa na nguvu na kuwa mwema ni mambo mawili. Mzizi wenye kushurutisha na kuunga mfupa kwa pamoja unawatosha kabisa.

Nazijua pingamizi. Ya kwanza ni kwamba Jabari ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na heshima yake ni juu ya kila kitu. Lakini Waswahili wamewaita watoto wao Jabari vizazi na vizazi, na kamusi zimekuwa zikilitumia kwa binadamu muda wote huo bila mtu kukufuru. Ya pili ni kwamba watu watalichanganya na jabali, mwamba. Sioni hasara. Marijani Rajab aliitwa Jabali la Muziki na kila mtu akaelewa alisifiwa kwa nini. Maneno hayo mawili yanaegemeana na hayaumizani. Ya tatu, kwamba neno lina harufu ya udhalimu, mimi ninaihesabu kuwa fadhila, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Na wanaosema halitakubalika kwenye filamu wajue limeshakubalika. Katika Black Panther ya mwaka 2018, watu wa milimani wasiotawalika kirahisi wanaitwa Jabari. Wamarekani wamelipenda neno hili wakalipeleka Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, huku wenye nalo wanachapa "shujaa mkuu".

Jambo la umiliki nalo lina uzito. Kwa miongo kadhaa kampuni mbili za Marekani, DC na Marvel, zilishikilia kwa pamoja alama ya biashara ya neno superhero, hadi mamlaka husika ilipoifuta Septemba 2024. Jabari sijasikia likiwa na hati ya mtu.

Matumizi ni mepesi: jabari huyu, majabari hawa; ujabari kwa nguvu zenyewe; tamthilia ya kijabari; jabari mwema na jabari mwovu pale inapolazimu kuwatenganisha.

Killer Frost, yule aliyebishaniwa Mazinde, alikuja kusimama upande wa Barry, na katika msimu wa nane, mwaka 2022, akafa akipambana na adui aitwaye Deathstorm. Kuanzia alipoigandisha barafu ya kwanza mpaka pumzi ya mwisho alikuwa jabari. Shujaa aliitwa kwa haki siku ile alipotoa uhai wake. Tafsiri inayomwita "shujaa mkuu" tangu alipokuwa akiwagandisha watu imemnyima mtazamaji safari nzima kati ya majina hayo mawili. Wanaoandaa tafsiri za misimu inayokuja waandike jabari, na neno shujaa walitoe mhusika anapolistahili.